Kung'oa themostati si dawa ya gari kuchemsha

Mhariri,

Desemba inakuja, na magari yatapanda Moshi kutoka Dar es Salaam yakiwa yamejaa watu na mizigo, kisha yaendelee kupandisha Kibosho, Machame, Marangu na Rombo. Huko milimani ndiko mengi huchemsha. Tunaomba nafasi tukemee tabia moja iliyozoeleka gereji: gari likichemsha, fundi anang'oa themostati, anaitupa, anajaza maji ya bomba na kumruhusu mwenye gari aende.

Themostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta, yanakopozwa, mpaka injini ipate joto lake, mara nyingi nyuzi 82 au 88. Namba huwa imegongwa juu yake. Ikitolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hasa asubuhi za Juni na Julai. Itakula mafuta zaidi, oili itachafuka upesi na silinda zitalika. Baya zaidi, kwenye injini nyingi, zikiwemo baadhi za Toyota, themostati ina kisahani kwa chini kinachoziba njia ya mkato ya maji. Ukiing'oa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Gari litachemsha tena, na dereva hataelewa kwa nini.

Kuipima ni rahisi. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Ya 82 ianze kufunguka karibu na nyuzi hizo, na maji yakichemka iwe imeachia kama milimita 8. Ya 88 isihukumiwe haraka ikiwa haikufunguka yote, kwa sababu huku kwetu kwenye mwinuko maji huchemka kabla ya nyuzi 100: Moshi kwenye 97 hivi, Arusha 95.

Ndiyo maana mfuniko wa rejeta una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9 hubana presha, na hata Arusha maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 115. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, maji yanachemka kwenye 95, joto ambalo feni nyingi za umeme ndiyo kwanza zinaanza kuwaka. Fundi anaona maji yametapikwa, anashuku gasketi ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) na kufungua injini, kumbe ubovu uko kwenye mfuniko. Ununuliwe wenye namba ileile. Wenye presha kubwa zaidi hupasua mipira ya rejeta iliyochoka.

Maji ya bomba huacha magamba na kutu kwenye vijia vya rejeta. Mwaga yote injini ikiwa imepoa, suuza mpaka yatoke meupe, kisha jaza kulanti (dawa ya kupoozea injini) na maji yaliyotoneshwa nusu kwa nusu. Injini ya cc 1500 huchukua lita 5 hivi, yaani lita mbili na nusu za kila kimoja, isipokuwa kulanti iliyokwisha kuchanganywa kiwandani. Anayeomba dukani maji hayo yaliyotoneshwa kwa jina la maji ya betri ahakikishe hapewi asidi. Baada ya kujaza, acha mfuniko wazi, fungua hita mpaka mwisho, washa gari na uminyeminye mpira wa juu wa rejeta hadi upate moto na mapovu yaishe, huku ukiongeza. Hewa ikibaki ndani, gari litachemsha hata kama kila spea ni mpya.

Rejeta ioshwe pia kwa nje, maji yakitokea upande wa injini kwa presha ndogo, kwa sababu vumbi na majani hujibana kati yake na kondensa ya AC.

Mshale wa joto ukipanda ukiwa mlimani, zima AC, washa hita, egesha na uzime injini. Subiri nusu saa au zaidi kabla ya kugusa mfuniko, na usimwagie injini maji ya baridi: hedi ya aluminiamu hupinda au kupasuka.

Mafundi magari,
Moshi