Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Seva na Uhifadhi wa Data za Afya kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa wakuu wa taasisi za afya,
Wakufunzi wetu,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Sisi wahitimu, watumishi wa vitengo vya TEHAMA katika hospitali za umma, tunakushukuru kwa kukubali kuja kufunga mafunzo yetu. Tunajua ratiba yako imebana. Tunajua pia kwamba shughuli kama hii haina mvuto mkubwa: wodi mpya hukatiwa utepe na viongozi, lakini chumba cha seva hufunguliwa na fundi wa viyoyozi.

Ndugu Mgeni Rasmi, seva nyingi za hospitali za umma huingia kwa fedha za mradi. Mradi hununua mitambo, hulipia mafunzo na matengenezo ya miaka michache, kisha hufungwa. Seva haifungwi. Inaendelea kubeba majina ya wagonjwa, majibu ya maabara na hesabu za dawa hata pale mtengenezaji anapokuwa ameshaacha kuihudumia. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows Server 2008, mfumo endeshi (programu kuu) wa seva, tarehe 14 Januari 2020, na kwa Windows Server 2012 tarehe 10 Oktoba 2023. Baada ya hapo, anayebaki nazo hulipia msaada wa ziada kwa muda, au hubaki bila ulinzi. Wengi wetu tuko kundi la pili.

Si kila mara huo ni uzembe. Kompyuta inayoendesha mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, huidhinishwa na mtengenezaji pamoja na mfumo endeshi wake. Ukiubadilisha bila ridhaa yake, unaweza kupoteza dhamana na uhakika kwamba picha zinatoka sawasawa. Kompyuta ya namna hiyo tumefundishwa kuitenga kwenye mtandao wake, iwasiliane na hifadhi ya picha tu na isifike kabisa kwenye intaneti. Ni kazi ya siku chache, na haihitaji zabuni.

Kinachotuelemea zaidi ni ujazo wa data. Kipande kimoja cha picha ya CT chenye pikseli 512 kwa 512 huchukua takriban nusu megabaiti. Uchunguzi wa vipande 600 ni megabaiti 300. Hospitali inayofanya chunguzi 40 za aina hiyo kwa siku hukusanya gigabaiti 12, na kwa mwaka inavuka terabaiti 4, kabla hatujagusa picha za eksirei, za matiti na za MRI. Nazo hazifutwi wiki ijayo, kwa maana daktari atahitaji kulinganisha uvimbe wa leo na ule wa miaka mitano iliyopita. Kwa hiyo tumejifunza kupanga hifadhi kwa ngazi: picha za karibuni zikae kwenye diski za kasi, za zamani zihamie kwenye diski za bei nafuu au tepu. Anayenunua diski za kasi kwa kila kitu humaliza bajeti mapema, kisha huanza kufuta asichopaswa kufuta.

Ndugu Mgeni Rasmi, naomba uniruhusu nikae kidogo kwenye suala la nakala rudufu, kwa kuwa hapo ndipo tunapojidanganya zaidi. Seva yenye diski kadhaa zinazobeba data kwa pamoja hustahimili diski moja kuharibika. Haistahimili mtumishi anayefuta jedwali la wagonjwa kwa bahati mbaya, kwa sababu amri yake hutekelezwa kwenye diski zote papo hapo. Wala seva ya pili iliyo chumba cha jirani haitoshi. Tarehe 19 Julai 2022, siku ambayo joto nchini Uingereza lilivuka nyuzi 40, vituo viwili vya data vya hospitali za Guy's na St Thomas' za London vilizimika siku hiyohiyo baada ya mitambo ya kupoza kushindwa. Viwili hivyo vilikusudiwa kusaidiana. Mifumo 371 iliathirika, na kuirejesha kulichukua wiki kadhaa.

Ayalandi nao walipata funzo lao. Katikati ya Machi 2021 mtumishi mmoja wa huduma za afya za umma alifungua faili lililoambatishwa kwenye barua pepe ya kitapeli. Wavamizi wakakaa ndani kimya kwa takriban wiki nane, na tarehe 14 Mei wakafunga mafaili kwa msimbo na kudai fidia. Takriban asilimia 80 ya mifumo ilifungwa, na hospitali zikarudi kwenye kalamu na karatasi. Ufunguo wa kufungulia mafaili ulipatikana ndani ya wiki moja, lakini kazi ya kurejesha seva zote iliendelea hadi Septemba. Ukishajua seva zipi zianze, mfumo upi unautegemea upi na nani ana nywila ipi, ufunguo una faida. Usipojua, unao ufunguo na bado wagonjwa wanasubiri.

Ndiyo maana kanuni tunayoondoka nayo ni nakala tatu, katika aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo, na walau moja isiyofikika kwa mtandao ili mvamizi asiifikie pamoja na nyingine. Tunaongeza jambo ambalo mikataba mingi hailitaji: zoezi la kurejesha. Taa ya kijani inayosema nakala imekamilika haimwambii mtu kama faili litafunguka. Tufungue kweli, kwenye seva tupu, huku tunahesabu saa.

Kuhusu kuhamia kwenye wingu, yaani seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, darasani tulibishana sana na hatukukubaliana wote. Msimamo wa wengi wetu ni kwamba wingu linafaa kwa nakala ya nje ya jengo na kwa mifumo ya utawala. Kwa dawati la dharura, mfumo unaokufa kila intaneti inapokatika ni hatari, isipokuwa kuwe na seva ndogo hapo hospitalini ya kuendeleza kazi. Pia kuingiza data huko mara nyingi ni bure, lakini kuitoa hutozwa. Bei ya kutoka isomwe kabla ya kuingia.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa maombi yetu. Kwanza kabisa, tunaomba kila taasisi iwe na fungu la kila mwaka la kubadilisha seva na diski kwa zamu, lililoandikwa kwenye bajeti ya kawaida kama lilivyo fungu la dawa na umeme. Tukikosa vyote na kupata hili moja, tutaondoka tumeridhika. Mashine za msaada tutazipokea kwa shukrani, lakini ziambatane na fedha za matengenezo ya miaka yote zitakayotumika.

Tunaomba pia zoezi la kurejesha data lifanyike mara mbili kwa mwaka, na mganga mkuu awepo, maana yeye ndiye wa kusema kama maabara itangulie au duka la dawa. Na mkataba wowote wa mfumo mpya ueleze wazi jinsi taasisi itakavyochukua data zake, kwa muundo unaosomeka na mifumo mingine, siku mkataba utakapokwisha.

Mwisho, tunaomba nafasi za kazi zijazwe. Katika baadhi ya vituo mtu mmoja ndiye msimamizi wa seva, fundi wa printa na mtunza nywila. Akienda likizo, simu yake haizimwi.

Tunaomba kuwasilisha.