Kabla hamjauza vitabu kwa kilo, nifikishieni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa rohoni tangu mbalamwezi iliyopita. Mimi ni mama wa dagaa hapa Igombe, wilaya ya Ilemela, Mwanza. Nanunua dagaa wabichi alfajiri mitumbwi inaporudi, naanika, na magunia yakitimia nayapeleka sokoni Mwaloni, Kirumba. Shule niliishia kidato cha nne, lakini kusoma sijaacha hata mwaka mmoja.

Habari yenyewe ilianzia kwenye karanga. Nilimtuma mwanangu wa mwisho karanga za shilingi mia mbili, akarudi nazo zimefungwa kwenye karatasi. Tulipozimaliza nikaikunjua ile karatasi, maana mimi kila karatasi huikunjua, nikaona jina la Kazimoto. Mistari michache chini yake, Manase. Mwili ulinisisimka. Ulikuwa ukurasa wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974. Niliisoma nikiwa kidato cha tatu, kwa kuazima, siku nne tu, mwenyewe akaja kuichukua na sikuiona tena.

Nilijitanda khanga nikamfuata muuza karanga jioni ileile. Kitabu kilikuwa chini ya sinia, hakina jalada, kimeshachanwa mpaka ukurasa wa 80. Akaniambia alikinunua kwa kilo pamoja na madaftari ya shule, katika nyumba ambayo mzee amefariki na watoto wanasafisha chumba chake. Hakuwa na kosa, yeye anatafuta karatasi. Nikampa shilingi elfu moja na madaftari mawili ya zamani ya mwanangu aendelee kufungia, nikaondoka na nilichokikuta.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, Ukerewe. Ukerewe tunafanya nayo biashara kila wiki, ndugu zetu wako huko, mama yangu mzazi ametoka huko. Mwandishi huyu alifariki Januari 2020. Na hapa Igombe, ng'ambo ya kwao, kitabu chake kinafungia karanga. Usiku ule usingizi haukunijia.

Kesho yake nikamweleza jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba wasomaji wa nchi za nje hupeana mwezi mzima wa kusoma, wakajiwekea masharti, na kwamba Marekani mwaka 2007 ulianzishwa mtindo wa kusoma saa 24 mfululizo, kila mtu na kitabu chake. Nikamwambia, mwalimu, sisi kukesha tumezoea. Tukawa wanne: mimi, yeye, kijana wa bodaboda anayeegesha hapa mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapotua, na babu mmoja aliyestaafu kazi ya melini. Sharti nililitoa mimi: hakuna kununua kitabu. Kila mtu akatafute kwao, masandukuni, darini, chini ya vitanda, aje na alichokipata.

Na mwezi huo wa kusoma tuliuhesabu kwa mwezi wa angani. Kwa wasiotujua, dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa majini, dagaa wakaufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu, mitumbwi inapumzika ufukweni, na sisi wa kuanika tunabaki na mikono mitupu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo gizani tulisoma kidogo kidogo, kurasa tano, kurasa kumi, mtu anageuza dagaa anarudi kwenye kitabu. Saa 24 tukaziweka mbalamwezi itakapotimia.

Mhariri, nakuomba uone vilivyotoka humo masandukuni. Kijana wa bodaboda alikuja na Kusadikika ya Shaaban Robert, ya kaka yake, imeandikwa majina ya wanafunzi sita kwenye jalada la ndani, kila mmoja kalikata jina la mwenzake. Mwalimu alileta Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Nobel mwaka 2021, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Mama yangu, ambaye hakuwemo katika mashindano, akafungua bweta lake akatoa kitabu chembamba cha kisomo, kimeliwa na mende pembeni, cha kilimo cha pamba. Babu naye akaleta bati la biskuti, ndani yake kitambaa, ndani ya kitambaa kitabu kinene cha kurasa zaidi ya 600. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza. Nilikuwa nakisikia tu. Sikuwahi kukishika.

Kusadikika tulikimaliza upesi, ni kitabu kifupi. Kijana alimpenda Karama, anavyosimama mahakamani kujitetea kwa habari za wajumbe, akawa anawasimulia abiria wake.

Peponi nilikisoma polepole kwa sababu kilinigusa mahali penyewe. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili, baba yake ana deni kwa tajiri, mtoto anachukuliwa kwa ajili ya deni, na mwenyewe hajui, anadhani anasafiri na mjomba. Mimi nachukua mali kauli, Mhariri. Najua kulala na deni. Nilipofika pale mtoto anapoelezwa kwamba yule si mjomba wake, nilikifunga kitabu nikaenda kuwatazama wanangu walivyolala. Kwa siku mbili sikukigusa. Mwalimu akanihimiza kwamba nitachelewa, wenzangu wananipita kwa kurasa, nikamwambia wapite.

Hapo ndipo tulipotofautiana, na bado nashikilia neno langu. Mwalimu alikuwa anaandika hesabu ya kurasa za kila mtu nyuma ya daftari langu la ndoo za dagaa. Kuhesabu kulitupa ari, sikatai. Lakini nilianza kujikuta naruka aya ili nifikishe idadi, na kitabu unachokiruka hujakisoma. Aliyenikomesha ni mama.

Mama ana miaka zaidi ya sabini, macho hayaoni herufi ndogo. Kusoma alijifunza ukubwani, katika kisomo cha watu wazima. Mradi ule wa UNESCO wa mwaka 1968 hadi 1972 ulikuwa wa mikoa yetu hii ya ziwa, na makao yake yalikuwa hapahapa Mwanza, watu wakafundishwa kusoma kwa mambo ya kazi zao: pamba, ng'ombe, uvuvi, migomba. Baadaye, mwaka 1974, Mwanza ikapata gazeti la wakulima la Elimu Haina Mwisho, na mama anasema likifika kijijini walikuwa wakilisoma mpaka linachanika kwenye mikunjo. Basi Kitereza nilimsomea yeye, kwa sauti, jioni jioni.

Wazazi wa Bugonoka wamemchukua binti yao kwa kuwa ndoa haijapata mtoto. Myombekere anamfuata mkewe ukweni, anatozwa pombe ya ndizi kabla ya kurudishiwa. Kisha zinakuja kurasa na kurasa za kutengeneza hiyo pombe. Nikataka kuziruka. Mama akaniuliza, mbona umeruka? Nikashangaa amejuaje. Akasema, ndizi bado hazijaingia shimoni na wewe tayari unamimina. Nikarudi nyuma nikasoma yote, naye kila hatua ananisimamisha: majani ya kufunikia yawe mabichi au makavu, nyasi za kukamulia ni zipi, mtama unakaangwa kiasi gani. Alikuwa akionyesha kwa mikono, anakamua hewa. Mama yangu hajawahi kunieleza habari hizo miaka yangu yote arobaini na mitano, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza.

Kitereza alimaliza kuandika kitabu hicho kwa Kikerewe mwaka 1945. Akakaa nacho miaka na miaka hakuna wa kukichapisha, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980 kwa Tanzania Publishing House. Mwaka uliofuata akafariki. Mtu amebeba kitabu zaidi ya miaka thelathini. Babu naye amekibeba ndani ya bati tangu akiwa melini, na kitambaa chake hukifua mwenyewe.

Zile saa 24 tulizianza Jumamosi saa moja jioni, pale pale kwenye chanja zangu, kwa kuwa nilikuwa na dagaa wa mwisho wasiokauka vizuri na mvua ilikuwa inanukia. Shemeji yangu akatuazima taa ya mtumbwini, si ina kazi gani mbalamwezi. Chakula kilikuwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga na chai. Saa za mwanzo kila mtu alisoma kimya. Wadudu wa ziwani walijaa kwenye taa, wakawa wanadondoka juu ya kurasa. Babu akanionya nisiwafute kwa kidole, wanaacha doa. Unakiinamisha kitabu, unapuliza. Mpaka usiku wa manane tulikuwa tunapuliza na kusoma.

Saa tano usiku mama akaletwa na wajukuu, akaketi kwenye mkeka, akasema mimi nataka Bugonoka wangu. Nikaanza kusoma kwa sauti. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakasogea. Wakaja akina mama wenzangu wa chanja za jirani, wakaja vijana waliokuwa wanacheza drafti. Nilipoinua macho walikuwa zaidi ya ishirini. Pakazuka mabishano, je, ni haki mkwe kutozwa pombe kwa mke wake mwenyewe? Mvuvi mmoja aliwatetea wakwe kwa nguvu mpaka mama akamwambia, mwanangu, ngoja kwanza tufike mwisho. Alfajiri mvua ikashuka. Kitabu kiliingizwa ndani ya bati kabla dagaa hawajafunikwa turubai, na waliokiingiza si sisi wanne, ni wale vijana wa drafti.

Nilisoma kurasa 137 katika saa zile, mwalimu 260, kijana 90, babu hakuhesabu. Jumatatu asubuhi nikiwa napakia magunia, yule mvuvi wa kutetea wakwe akapita na nyavu begani, akasimama. Hakunisalimia hata. Akauliza, mama, yule Myombekere alipewa mke wake?

Ndiyo maana naandika. Kila mara naona kwenye magazeti na kusikia redioni kwamba sisi hatusomi. Neno hilo linaniumiza. Watu ishirini walikaa kwenye mchanga usiku kucha kusikiliza riwaya. Walichokosa siku zote ni kitabu. Nimezunguka maduka mengi mjini: yana vitabu vya darasani, kalamu, mabegi, na ukiuliza riwaya ya Kiswahili unaonyeshwa ya mtaala, ukipata bahati. Maktaba ya mkoa ipo mjini, na anayeweza kwenda namsihi aende, lakini mtu wa mwaloni anayeamka saa tisa usiku kupokea mitumbwi hawezi kuifuata kila wiki.

Gazeti linafika. Hapa mwaloni nakala moja ya gazeti lako husomwa na watu kumi chini ya mwembe kabla haijafungia kitu. Baba yangu alikuwa akikata hadithi za mfululizo magazetini na kuzishona kwa uzi wa nyavu ziwe kitabu, na mimi nilijifunzia humo kusubiri sura inayofuata. Nakuomba, Mhariri, uturudishie hadithi ya mfululizo, nusu ukurasa kila Jumamosi. Waandishi wapya wa kanda hii wapo na miswada yao imelala. Na kando yake uweke nafasi ndogo ya wasomaji kuandika wanasoma nini, hata mistari mitano mitano. Nitakuandikia wa kwanza.

Na wasomaji wenzangu, hasa mnaosafisha vyumba vya wazazi waliotangulia: poleni kwa msiba, na naomba mfungue kila sanduku kabla ya kumwita mnunuzi wa karatasi. Kama hamvitaki vitabu, mimi navitaka. Gharama ya kuvifuata, kwa boti au kwa daladala, ni yangu.

Kichwamaji yangu inaanzia ukurasa wa 81. Mwenye kurasa za mwanzo aniazime siku nne, kama nilivyoazimwa zamani. Nitazinakili kwa mkono kwenye daftari, nimrudishie kitabu chake kikiwa kimevikwa jalada. Jumatano na Jumamosi niko Mwaloni, Kirumba, upande wa dagaa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Ulizia mama wa vitabu.

Wako katika kusoma,
Mama wa dagaa,
Igombe, Mwanza