Mwanangu, kuhusu lile swali lako

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, shikamoo yako nimeipata. Mama yako hajambo, goti ni lile lile.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema benki wanapunguza watu wa dirishani kwa kuwa fedha siku hizi zinatembea kwenye simu, na hiyo akili mnemba inajibu wateja usiku kucha. Halafu ukauliza, "Baba, sasa nishike nini?" Sikukujibu palepale. Nikashuka pwani, pale Deep Sea, kutazama mashua.

Babu yako aliletwa huku kutoka Songea kwa mkataba, manamba kama wenzake, akawekwa kwenye korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge zibaki nyuzi. Mkonge ulikuwa mfalme. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche mwaka 1893, ikafika hai 62 tu. Mwaka 1964 nchi yetu ikatoa zaidi ya tani 230,000. Ungemwambia babu kwamba korona itanyamaza, angekucheka.

Ikaja nailoni. Bei ikaporomoka, mashamba yakaota vichaka, na mimi nikiwa kijana korona yetu ikanyamaza. Ukimya ule naukumbuka kuliko makelele yake. Na wavuvi wetu hawa hawa wa Tanga nao wakanunua kamba za nailoni! Siwalaumu, haiozi.

Jioni ile babu alisoma Zaburi ya 46, "Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu, msaada utakaoonekana tele wakati wa mateso." Nikamuuliza kwa hasira, huo msaada unaonekana wapi, na unga umebaki wa siku mbili? Hakunihubiria. Alipima kibaba kimoja katika ule ule unga, akanituma nikipeleke kwa jirani yetu Mwislamu aliyekuwa na watoto wadogo. Nilikwenda nikinung'unika njia nzima. Nilikuwa natafuta muujiza, kumbe mzee ameshajua kwamba kesho haiko mikononi mwake, ndiyo maana mkono wake haukutetemeka kupima. Hilo nimelielewa baada ya kuwazaa ninyi.

Kwa hiyo sikuambii kwamba ukiomba sana dirisha lako litabaki. Yuko mhubiri aliyemuuzia mama yako chupa ya mafuta ili kaka yako asipunguzwe kazini. Kazi iliisha, na mafuta yakaisha. Imani ya namna hiyo ni biashara, na mnunuzi ndiye anayekula hasara.

Waebrania 6:19 panaita tumaini letu nanga ya roho. Nimelisoma neno hilo miaka mingi bila kulitazama. Pale Deep Sea maji yalipoanza kupwa, mashua zote zikageuza omo, ile sehemu ya mbele, moja baada ya nyingine. Mashua iliyotia nanga haitulii, mwanangu. Inazunguka, inapigwa na mawimbi, inalowa kama zote. Ila haiendi Pemba bila nahodha. Kamba zilikuwa za nailoni. Enzi za babu zilikuwa za mkonge. Chini kule, chuma ni kile kile. Dirisha lako ni kamba. Likatike lisikatike, Yule aliyekushika tangu ubatizo wako hajakuachia.

Nenda kajifunze hizo programu mpya, wala usione haya kukaa darasa moja na vijana uliowazidi umri. Jumuiya usiache hata ukichoka, maana siku utakayoshindwa kuomba, wao watakuombea. Na ukila, mgawie huyo mwenzako wa dirisha la pili ambaye ameshapewa barua.

Pasaka uje. Nauli nitakutumia kwa simu. Ndiyo, nimeshajifunza, mjukuu wa jirani amenionyesha, na benki sijakanyaga tangu mwaka jana. Nisamehe, mama.

Baba yako