Kishikwambi kinazungumza lugha gani?

Mhariri,

Nimefundisha kwa miaka 34, na tangu nilipostaafu nasaidia darasa la kisomo cha watu wazima hapa Kondoa. Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo naona linarukwa kila inapotangazwa kwamba vifaa vipya vya kufundishia vinakuja, yaani lugha ambayo kifaa chenyewe kinazungumza na desturi za watu watakaokishika.

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vilipogawiwa kwa walimu, nilifurahi kwa dhati, kwa kuwa najua maana ya kufundisha sayansi kwa chaki na maneno matupu. Mwaka jana mwalimu mmoja kijana alinikaribisha katika darasa lake la kidato cha kwanza, akaunganisha kishikwambi na projekta na kuonyesha video ya jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Picha zilikuwa safi kuliko mchoro wowote niliowahi kuchora ubaoni, ila maelezo yote yalikuwa ya Kiingereza, tena cha harakaharaka. Watoto walikaa kimya kwa dakika 10, kimya cha adabu ambacho mgeni angedhani ni usikivu. Video ilipokwisha, msichana mmoja aliuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kwani hii si ndiyo ile usanisinuru?" Hapo darasa zima likachangamka, mikono ikainuka, mmoja akaeleza kazi ya umbijani, ile rangi ya kijani ya majani, bila kukosea. Somo lile walikuwa wamelisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kulifanyia mtihani, lakini ile video haikuwa na njia ya kuwaambia kwamba ni jambo lilelile.

Wapo watakaosema dawa ni kutafsiri. Ni kweli, lakini itategemea nani anatafsiri na anamtafsiria nani. Katika darasa langu la kisomo tulijaribu programu ambayo menyu yake ilikuwa ya Kiswahili, na kitufe cha kurudi ukurasa wa kwanza kiliandikwa "Nyumbani". Bibi mmoja alikitazama kwa muda, akaniuliza, "Nyumbani kwa nani, mwanangu?" Lilikuwa swali la haki kabisa. Neno "Mwanzo" lingemtosha, na mwalimu yeyote angelitoa kama angeulizwa. Bibi huyohuyo alipoanza kuandika jina la kijiji chake, kibodi ilimgeuzia herufi mara tatu na kumpa neno la Kiingereza asilolijua, mpaka akaamini kwamba yeye ndiye anayekosea. Tangu hapo tunatumia ujumbe wa sauti. Kila mmoja anasema aliyojifunza, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kirangi, lugha ya huku kwetu, akianza na salamu kwa kila aliye mkubwa wake kama inavyopasa, na hakuna kifaa kinachomkatiza.

Desturi nayo ina uzito wake. Kishikwambi kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyeinama peke yake, wakati katika nyumba nyingi za huku mtu anayeinamia kioo mbele ya wageni anaonekana hana adabu. Simu janja ya nyumba mara nyingi ni ya baba, naye hurudi nayo jioni. Somo linalotumwa saa 2 usiku linamkuta binti jikoni, na akimaliza kuosha vyombo bando limekwisha.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi kwa Kiswahili na vikundi vya wasikilizaji vikakusanyika vijijini. Kiongozi wa kikundi alisoma kijitabu, watu wakajadili waliyoyasikia, kisha wakakubaliana la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kuchemsha maji. Washiriki walikadiriwa kufikia milioni 2. Nilikuwa mtoto, na hadi leo naiona ile redio juu ya kinu kilichopinduliwa, betri zake zikiwa zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu ya jioni. Redio haikuwa kitu kigeni hata wakati ule. Ilifaa kwa sababu ilisema lugha ya watu na kuwakuta wamekaa kama walivyozoea kukaa, pamoja, mzee akizungumza na vijana wakiuliza.

Siombi turudi 1973. Naomba wanaoandaa zabuni za vifaa vya shule waandike humo humo kwamba kibodi na maelekezo viwe vya Kiswahili kilichopitiwa na walimu, na kwamba somo la kidato cha kwanza liguse maneno ambayo mtoto amekuja nayo kutoka darasa la saba. Naomba pia redio isifutwe kwenye bajeti kwa kisingizio cha uzee wake.

Akina mama wa darasa langu hukutana Jumatano alasiri, wakishatoka shamba na kabla ya kubandika chungu cha jioni. Mtaalamu yeyote anayechagua vifaa hivyo anakaribishwa aje na kimoja, awape mikononi, kisha akae kwenye mkeka awasikilize.

Mwalimu mstaafu,
Kondoa, Dodoma