Barua kwa mwanangu: hilo swali la vipimo vinne

Kioko mwanangu,

Tiketi nimeiona. Trieste, Italia, mwaka mmoja. Huo mwaka mmoja nimeukubali. Kinachonitia hofu ni yale uliyomwambia mjomba wako Jumapili ukidhani niko jikoni: eti kuna swali la kulainisha ncha na kasoro za maumbo ya hesabu, katika karakteristiki p (hesabu ambazo ukijumlisha moja mara p, namba tasa, unarudi sifuri), kuanzia vipimo vinne (urefu, upana, kimo na kimoja zaidi) kwenda juu, halijapata jibu, nawe unalitamani.

Mimi ni fundi wa nguo, lakini si mjinga. Ile y² = x³ uliyonichorea kwa chaki kwenye suruali ya watu (mwenyewe aliniuliza ni hesabu ya deni lake?) niliirudia usiku kwenye karatasi ya kukatia. Ncha kali pale katikati. Unaweka y = xt, unagawanya pande zote kwa x², inabaki t² = x, na mstari umelainika kama uliopigwa pasi. Nilicheka peke yangu. Kumbe ndiyo hiyo bloapu (blow-up, yaani kulipua)! Kanisani nimesema unasomea hesabu tu, maana nikitamka kulipua wataanza kufunga na kuomba.

Lakini si ulinionyesha pia kwamba ukikosea kuchagua ideali (zile fomula zinazosema ulipue wapi na vipi), hata bapa laini unalitia kasoro? Ulichukua x² na y, ukafanya bloapu, ikazuka x² = ys, ncha mpya mahali palipokuwa safi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Yule mwanahisabati Mjapani, Hironaka, alimaliza karakteristiki sifuri (namba za kawaida, ambazo ukijumlisha moja hurudi sifuri kamwe), vipimo vyote, mwaka 1964, mwaka uleule mwanafizikia Abdus Salam alipoanzisha hicho kituo cha fizikia na hesabu unachokwenda. Hironaka wakampa medali ya Fields, tuzo kubwa ya hesabu, 1970. Kwenye p wamefika vipimo vitatu wakakwama. Wewe una miaka 24. Hao waliokwama hawakuwa na mama wa kuwangoja?

Mwombe mwalimu wa huko akupe swali lenye mwisho. Dogo. Hilo la vipimo vinne utalitamani ukiwa hapa Kawangware, umeshakula. Sijasema uache hesabu. Hata yule aliyetunyima unga wa mkopo siku hizi namsalimia kwa sauti, nangoja tu aniulize habari zako.

Lakini vipimo vinne, Kioko, hapana.

Na yale madaftari yako mawili ya kidato cha tatu, acha kumlaumu dada yako. Wiki ile makaa yalikuwa yamelowa, na mimi nikaona ni michoro tu.

Maji yamekuja Alhamisi, nimejaza mitungi yote. Tokeni za stima zinaisha, kwa hiyo cherehani nimeizima. Koti lako nimelitia bitana nzito kwa ajili ya huo upepo wao wa Bora, na ndani kuna mfuko wa pasipoti wenye zipu. Mkono wa kushoto bado sijaushona. Uje ulijaribu kabla ya Jumamosi, na urudi na chaki yangu ya bluu, uliondoka nayo.

Mamako