Barua kutoka Bologna

Mpendwa Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Za siku nyingi? Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo imeanza kututesa. Nisamehe kwa kimya. Barua yako niliipata, na lile neno lako la mwisho halijanitoka moyoni: eti magaidi wa Italia ni wale wale, wawe wa mrengo wa kushoto au wa kulia.

Kila asubuhi nikienda kazini napita stesheni ya treni ya hapa Bologna. Ukutani kuna saa iliyosimama kwenye 10:25, yaani saa nne na dakika 25 asubuhi. Ndio wakati bomu lilipolipuka katika chumba cha abiria wa daraja la pili, tarehe 2 Agosti 1980, Jumamosi ya likizo. Walikufa watu 85. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka 3, Mwanaidi. Nani alimtaka huyo?

Brigate Rosse (Brigedi Nyekundu), wale wa kushoto, walikuwa wakimtafuta mtu kwa jina lake. Mwaka 1978 walimteka Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani, wakaua walinzi wake 5, wakamfungia siku 55, kisha wakamuua. Na walitangaza wenyewe kwa maandishi. Hata Guido Rossa, mfanyakazi wa kiwanda kule Genova, mkomunisti, walimpiga risasi mwaka 1979 kwa kuwa alitoa ushahidi juu ya mwenzake aliyesambaza karatasi zao. Siwatetei hata kidogo.

Ila wa kulia walilipua umati na kunyamaza. Milano, Desemba 1969, benki, wakafa watu 17: polisi wakawakamata wanaanakisti, wale wasiotaka serikali yoyote, na mmoja wao, Giuseppe Pinelli, mtu wa reli, akaanguka dirishani akiwa mikononi mwao akafa. Mahakama ya juu ilikuja kusema mwaka 2005 kwamba ni kazi ya watu wa Ordine Nuovo, kundi la wa kulia, lakini wahusika walishaachiwa zamani, hawashtakiki tena. Na hili la hapa Bologna, walipohukumiwa vijana wa NAR, kundi jingine la wa kulia, maofisa wa ujasusi nao walipatikana na hatia ya kupotosha upelelezi. Hapo ndipo ninapokwama. Anayeua na kujitaja, utamtafuta. Huyu mwingine alikuwa na watu wa serikali wa kumfunikia, serikali ile ile ambayo wafiwa waliipigia kura.

Haya, goti la Bi Zuhura linaendeleaje? Hamisi amerudi kutoka Pemba? Ile kesi ya shamba imefika wapi? Na wewe, bado unasema ni wale wale? Ungekuwa mama wa yule mtoto, ungemuuliza nani?

Wako,
Saada