Kwa nini magitaa yenu hayaendi pamoja mnaporekodi kila mtu kwake

Kila mmoja amepiga vizuri. Ukisikiliza ridhimu peke yake, mkono umetulia. Ukisikiliza solo peke yake, vidole vinajua vinakokwenda. Ukiziweka pamoja, wimbo unachechemea. Hili ndilo tatizo tunaloletewa kuliko jingine lolote na marafiki wanaopiga gitaa kwa mapenzi tu, kila mtu nyumbani kwake, wakitamani kuwa na wimbo wao uliokamilika. Mara nyingi wanapotufikia wameshaanza kulaumiana: fulani hashiki mdundo, fulani hafanyi mazoezi. Tukifungua mafaili tunakuta kosa si la mpigaji. Muda umepotea kwenye mtandao, kwenye simu au kwenye faili lenyewe, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatazama.

Kazi yetu ni kupokea vipande hivyo, kuvipanga na kuvichanganya mpaka viwe wimbo mmoja. Tunaweza kurekebisha mengi. Lakini saa tunazotumia kuziba viraka ni saa ambazo tungezitumia kuufanya wimbo upendeze, na tungependa mlipie hilo la pili. Kwa hiyo tunaeleza hapa muda unapotelea wapi, na mfanye nini kabla hamjagusa kitufe cha kurekodi.

Simu ya video si chumba cha mazoezi

Wengi huanza kwa kupigiana simu ya video. Wanahesabu moja, mbili, tatu, nne, wanaanza. Kufika beti la pili mwendo umepungua, na kufika kiitikio kila mtu anapiga wimbo wake.

Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita moja inakula karibu milisekunde 3. Wapigaji wawili waliosimama mita 8 kutoka kwa mwenzake jukwaani wanasikiana kwa kuchelewa milisekunde 23 hivi, na wanaelewana. Kucheleweshwa kukifika milisekunde 25 hadi 30, mambo huanza kuvutana. Simu ya video hupita 100 bila shida. Hapo kila mmoja anamsubiri mwenzake bila kujua kwamba mwenzake naye anamsubiri yeye, na mwendo unazidi kuzama. Chris Chafe na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford walilipima jambo hili kwa watu wawili wanaopiga makofi wakiwa vyumba tofauti: kadiri sauti ilivyocheleweshwa, ndivyo makofi yalivyopunguza kasi. Hao walikuwa wanapiga makofi tu. Wewe una nyuzi sita na kordi za kubadilisha.

Intaneti ya kasi haiwezi kuliondoa tatizo hili lote. Mwanga ndani ya nyaya za mtandao hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 1,000 zinakula milisekunde 5 kwa kwenda peke yake, kabla hujahesabu kompyuta, ruta na kila kituo cha njiani. Isitoshe, programu za simu za video zimeundwa kwa ajili ya maneno. Zikisikia uzi unaolia kwa muda mrefu, zinaweza kuudhania ni mvumo wa feni na kuufifisha. Kuna watu wamebadilisha gitaa zima kwa sababu ya kosa hilo la programu, na inatuuma tukisikia hivyo.

Ikiwa raha yenu ni kupiga pamoja papo hapo, zipo programu zilizotengenezwa kwa ajili ya muziki: Jamulus, JackTrip, SonoBus. Tumia waya wa mtandao badala ya Wi-Fi, vaa hedifoni za waya, na msiwe mbali sana kijiografia. Ninjam nayo ina akili ya pekee: inakubali kwamba kuchelewa hakukwepeki, kwa hiyo inakuchelewesha mzunguko mzima. Unachosikia ni kile wenzako walichopiga kwenye mzunguko uliopita. Kwa wimbo unaozunguka kordi zilezile inafurahisha sana, na kwa mazoezi tunaipendekeza kwa moyo wote.

Lakini kwa kurekodi wimbo utakaobaki, pokezaneni. Mmoja arekodi, amtumie wa pili. Wa pili apige juu yake, na kuendelea. Si njia ya watu waliokosa studio. Mpiga gitaa wa Marekani Les Paul alikuwa akilirundika gitaa lake juu ya gitaa lake mwenyewe kwenye gereji ya nyumbani kwake Hollywood miaka ya 1940, na mwaka 1957 akapata mashine ya kurekodi ya Ampex yenye njia 8, yaani sauti 8 zinazokaa kila moja peke yake, ili aendelee vizuri zaidi. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ikatoa Portastudio, mashine ya kaseti yenye njia 4, na watu wa kawaida nao wakaanza kufanya hivyo vyumbani mwao. Ninyi mna njia nyingi kuliko wote hao. Kilichopungua huwa ni makubaliano.

Mwongozo mmoja kwa wote

Kabla ya yote, tengenezeni faili moja la mwongozo. Liwe na mlio wa metronomu kwa mwendo mliokubaliana, mathalani mapigo 96 kwa dakika, na mwanzoni liwe na hesabu: mapigo manne mara mbili kabla wimbo haujaanza. Juu yake mtu mmoja apige kordi na kuimba, hata kwa sauti mbaya, ili kila mtu ajue beti linaishia wapi na kiitikio kinaingia lini. Faili hilo ndilo atakalolitumia kila mmoja wenu, na asitokee wa kutengeneza lake.

Nani aanze kurekodi? Hapa tuna msimamo. Vikundi vingi humtanguliza aliyetunga wimbo, au yule hodari wa solo. Sisi tunasema atangulie mwenye mkono uliotulia, hata kama ndiye anayejua kordi tatu tu. Ridhimu ikiwa imara, besi inapata pa kukaa, na solo inapata uhuru wa kucheza mbele au nyuma ya pigo bila kuuangusha wimbo. Solo ikitangulia, wengine wote watabaki kuifukuza.

Wapo watakaosema metronomu inaua wimbo. Kwa baadhi ya nyimbo wana haki kabisa. Wimbo unaopumua, unaosita kabla ya kiitikio na kuharakisha baadaye, usiufunge kwenye mlio wa mashine. Basi mwacheni mmoja apige kwa uhuru kuanzia mwanzo hadi mwisho, na upigaji wake huo ndio uwe mwongozo. Ila mkishauchagua, msiubadilishe tena. Akirudia kurekodi baada ya wengine kumaliza, kazi yote ya wenzake imepotea.

Sasa linakuja jambo dogo linaloharibu mambo makubwa: kila faili mnalotutumia lianze sekunde ileile ya sifuri ambapo mwongozo unaanza. Kama gitaa lako linaingia dakika ya pili, tutumie dakika mbili za ukimya kisha gitaa. Tunajua kidole kinawasha kukata ukimya ule ili faili lionekane nadhifu. Usikate. Ukimya huo ndio unaotuambia mahali pako ndani ya wimbo, na ukiukata tunabaki kukisia.

Muda unaopotea ndani ya vifaa

Hedifoni za Bluetooth ziwekeni kando. Mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, kwa hiyo unapiga kwa kufuata pigo ambalo limeshapita. Waya wa bei ndogo kabisa unazishinda. Na spika msitumie kamwe, kwani mwongozo utaingia kwenye maikrofoni na hatutaweza kuutoa.

Kompyuta nayo ina bafa, ghala dogo ambamo sauti hungoja kabla ya kushughulikiwa. Sauti huhifadhiwa kama sampuli, yaani vipimo vidogo vingi kila sekunde. Bafa ya sampuli 128 kwa kiwango cha 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 2.7, ya sampuli 1,024 ni zaidi ya 21, na sauti hupita humo ikiingia na ikitoka. Programu nzuri za kurekodi hujaribu kufidia muda huo, lakini si zote zinazopatia. Kujua yako ikoje, fanya jaribio hili: cheza metronomu kwenye hedifoni, ziegemeze kwenye maikrofoni, rekodi sekunde chache, kisha vuta picha ya sauti mpaka uyaone mapigo mawili kwa ukaribu. Kama lile lililorekodiwa limekaa nyuma ya lile la asili, pengo hilo ndilo kosa la kifaa chako. Tuandikie ni milisekunde ngapi na sisi tutalisogeza faili lako kwa kiasi hichohicho. Hilo ni la dakika moja kwetu.

Lisilo la dakika moja ni hili: kuchezea mwongozo kwenye simu huku unarekodi kwa kompyuta. Kila kifaa kina saa yake ya ndani, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawasawa. Zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, wimbo wa dakika 4 utaachana kwa milisekunde 12, na tofauti kubwa zaidi ya hiyo ipo. Mwanzo unasikika sawa, katikati unahisi kitu, mwishoni magitaa yanagongana. Kulisogeza faili hakusaidii, maana kosa linakua kadiri wimbo unavyoendelea. Chezea na urekodi kwenye kifaa kimoja.

Halafu kiwango cha sampuli. Kubalianeni kwamba wote ni 48,000, au wote 44,100. Programu nyingi hubadilisha zenyewe, lakini ikishindikana, faili la 44,100 likichezwa kama 48,000 litapanda karibu nusu-toni moja na nusu, na wimbo wa dakika 4 utaisha sekunde 19 kabla ya wakati wake. Afadhali kosa hilo, kwani linajitangaza mapema.

Tutumieni mafaili ya WAV ya biti 24, ambayo hayabani sauti. MP3 hupunguza ubora wa sauti, na pia huongeza ukimya mfupi mwanzoni mwa faili, mara nyingi zaidi ya milisekunde 20, na kila ukiihifadhi upya unaweza kuongeza tena. Mwongozo nao usambazwe kama WAV kwa sababu hiyohiyo. Msitumiane kama ujumbe wa sauti kwenye simu, wekeni kwenye hifadhi ya mtandaoni na mtume kiungo. Dakika moja ya faili la njia moja ni kama megabaiti 8.6, hivyo pangeni bando mapema.

Sauti yenyewe

Hapa hatutasema mengi, maana wengi wenu mnapatia. Gitaa kavu, lisilo la umeme, lirekodiwe maikrofoni ikiwa sentimita 15 hadi 30 kutoka kwenye freti ya 12. Ukiielekeza kwenye tundu utapata ngurumo nzito inayofunika nyuzi nyembamba. Gitaa la umeme lichomeke kwenye tundu la kifaa cha kurekodia lililoandikwa Inst au Hi-Z, la sivyo litasikika limefunikwa blanketi. Sauti isipande hadi kupasuka. Kilele kikiishia karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha programu kinatosha kabisa, tutakipandisha wenyewe. Kama pedali za kubadilisha sauti ya gitaa ni sehemu ya upigaji wako, tutumie mafaili mawili, moja lenye pedali na moja tupu. Hilo tupu tunaweza kulipitisha kwenye amplifaya nyingine endapo la kwanza halitakaa vizuri na wenzake.

Kutuni ni kila mtu na kila mara, kabla ya kila jaribio. Angalieni programu zenu za kutuni zote zimeweka noti ya A kwenye hezi 440. Tumepokea nyimbo ambazo mmoja alikuwa kwenye 432 bila kujua. Tofauti ni kama theluthi moja ya nusu-toni: ndogo kiasi kwamba hakuna anayeitaja, kubwa kiasi kwamba wimbo mzima unasikika una huzuni isiyokusudiwa. Noti moja moja ya solo tunaweza kuinyoosha. Kordi nzima ya nyuzi sita zinazovuma kwa pamoja huacha makovu, na kuirudia kunachukua muda mfupi kuliko kuitibu. Kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, pia huzivuta nyuzi, kwa hiyo tuni baada ya kuibana.

Mafaili yakitufikia

Kwanza tunayasikiliza yote bila kugusa kitu. Kisha tunapanga muda. Tunavuta picha ya sauti mpaka pigo moja la mkono linajaza kioo. Hapo unaona kwamba mkono unaposhuka, nyuzi hazilii kwa pamoja. Kila mmoja unafuata mwenzake kwa milisekunde chache, na kilele kirefu zaidi kwenye picha si lazima kiwe mahali ambapo sikio linasikia pigo. Ndiyo maana hatuiachii mashine ikate na kubandika kila noti kwenye mstari. Tunasogeza yanayogongana, yanayocheza tunayaacha. Mlio wa vidole vikiteleza kwenye nyuzi tunaupunguza bila kuufuta, kwa sababu ukiufuta msikilizaji hasikii tena mtu akipiga.

Tukimaliza tunawatumia rasimu ya kwanza. Isikilizeni kila mtu kwenye kifaa anachokitumia siku zote, na mtuandikie mkitaja dakika na sekunde: "1:42 solo imezama" inatusaidia kuliko "solo iongezwe". Maoni yakusanywe na mtu mmoja miongoni mwenu na yaje kwa pamoja, mkiwa mmeshakubaliana.

Mkiwa hamna uhakika na vifaa vyenu, msirekodi wimbo mzima kwanza. Tutumieni vipande vya sekunde 30, kimoja kutoka kwa kila mpigaji, pamoja na mwongozo. Tutaviweka pamoja na kuwaambia nani amechelewa kwa kiasi gani na kwa sababu ipi. Kipimo hicho hatukitozi.